Mvuta Esanse wa Mapendo

Kahambu hajawahi kujua kukaa. Mpe kiti, atakikalia kwa muda wa kumeza mate mara mbili, halafu utamwona amesimama, anasogeza bidoni iliyokuwa imekaa vizuri mahali pake, anafuta chupa iliyokwisha kufutwa, anatazama barabara huku, anatazama kule. Wanaomjua pale kwenye kona ya Mapendo wanasema alizaliwa njiani, mama yake akitoka Butembo na mzigo wa maharagwe, na kwamba miguu yake haijapata habari mpaka leo kuwa safari imeisha. Watu wa kona ile ni waongo wa kawaida, lakini kwa hili sitabishana nao.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mfupi, mwenye mabega mapana, mjane. Kazi yake ni kadhafi. Ndivyo Goma inavyowaita wanaouza petroli kando ya barabara, kwenye madumu ya njano, yaani bidoni, na chupa za maji, kwa motari, madereva wa pikipiki, wasio na subira ya kupanga foleni kituoni. Vita vimeingia mjini, benki zimefungwa, lakini pikipiki hazijafungwa, na pikipiki haiendi kwa maombi. Petroli yenyewe wao huiita esanse. Kuihamisha kutoka bidoni kubwa hadi kwenye chupa Kahambu alijua njia moja tu tangu usichana wake: unatumbukiza mpira, unatia ncha ya pili mdomoni, unavuta, na esanse ikikaribia meno unauchomoa mpira haraka na kuuelekeza kwenye chupa. Ukichelewa kidogo umekunywa. Hakuna kadhafi ambaye hajanywa.

Wenzake wote walivuta, lakini Kahambu aliweza kuonja. Akigusisha ulimi kwenye ncha ya mpira alijua kama esanse ni safi, imechanganywa na mafuta ya taa au imetiwa maji, na akiwa na siku nzuri alidai kujua hata ilipitia mpaka upi. Wauzaji wa kona za jirani walimletea bidoni zao aonje kabla hawajanunua. Alijivunia ulimi huo kama mwingine anavyojivunia sauti yake ya kwaya. Na ni yeye aliyemfundisha kuvuta mumewe, Kasereka, walipohamia Goma wakikimbia mauaji ya upande wa Beni. Kasereka alikuwa mkulima, mkono wake umezoea jembe. Wiki ya kwanza alikohoa mpaka machozi yakamtoka, motari wakamcheka, na Kahambu akacheka nao.

Kasereka alikufa miaka mitano iliyopita. Ungemwuliza Kahambu alikufaje, angekusimulia hivi, akiwa amesimama bila shaka.

Siku moja ya mwezi wa nane Kasereka alivuta vibaya, akameza esanse nyingi. Mukabalisa, aliyekuwa akiuza upande wa pili wa barabara, akavuka mbio na kikombe cha maziwa. Makadhafi wote wanaamini maziwa ndiyo dawa, kwamba yanaikamata esanse tumboni na kuisindikiza nje. Kasereka akanywa, akashukuru, akaenda nyumbani kupumzika. Hakurudi tena kwenye kona. Homa ikamshika, fizi zikatoa damu, mikono ikajaa madoa meusi ingawa hakuna aliyempiga. Hospitali wakasema damu yake ni mbaya, wakamwongezea damu mara mbili, na kabla hawajajua ni ubaya wa namna gani, akafa.

Ni kweli kwamba mtu akifa Goma bila jina la ugonjwa, watu hutafuta jina la mtu. Kwenye matanga shangazi mmoja alitaja karuho, ile sumu ya kificho ambayo watu wa Kivu husema adui hukutilia katika chakula au kinywaji. Ilitosha. Siku ya tatu Kahambu alitoka kwenye mkeka wa wafiwa, akatembea na khanga ya msiba mpaka kwenye kona, akasimama katikati ya barabara na kupaza sauti kwa Kiswahili cha Goma, ambacho 'ndiyo' yake ni 'njo'.

"Mukabalisa! Maziwa yako njo imeua bwana yangu! Batu bote basikie, njo karuho!"

Kumbuka kwamba wanawake hawa wawili walikuwa wameuza wakitazamana kwa miaka sita. Mmoja akienda misa, mwingine alimlindia bidoni. Maziwa yale yalitoka kwa ng'ombe wa kaka yake Mukabalisa kule Masisi, na hata kwa mtoto wa Kahambu yaliwahi kutumwa. Lakini neno likishatoka mdomoni halina hatamu. Vijana wa kona walipindua bidoni za Mukabalisa, esanse ikatiririka juu ya mawe meusi ya volkano, na jioni ile mama wa watu alibeba alichobakiwa nacho akaondoka. Ilisemekana anauzia Munigi, nje kidogo ya mji. Motari aliyesema anatokea Munigi, Kahambu alimpa mgongo. Na tangu siku hiyo hakutia maziwa mdomoni, hata ya chai.

Kwa hiyo ukiona nasema hakujua kukaa, ujue zamani ilikuwa tabia, na baada ya hapo ikawa ugonjwa. Alifungua mapema kuliko wote na kufunga wa mwisho. Aligombana na motari juu ya funiko la chupa. Akisali alisali akitembea. Alisema Mungu amemwonyesha aliyemwua mumewe, na aliyeonyeshwa jambo na Mungu angepaswa kupata walau usingizi wa mchana.

Mwaka jana akaja Charline. Alikuwa msichana mwembamba wa maabara ya chuo, mwenye viatu vya mvua na koti jeupe alilolikunja ndani ya mfuko ili asiogopeshe watu. Alieleza kwamba wanachunguza jinsi kemikali za kazini zinavyoharibu mwili wa mtu kwa ndani sana, mahali pasipofika jicho, na jinsi uharibifu huo unavyoweza kufungulia kansa mlango. Hataki damu, hataki pesa. Anataka kukwangua kidogo ndani ya shavu kwa kijiti, basi.

Mkubwa wa makadhafi pale ni Papa Samy, mtu mwenye tumbo na maneno. "Munataka kuuzisha mate yetu kule Bulaya?"

"Papa, mate ya kadhafi nani atauza?" Charline akamjibu. "Itawaka moto mu ndege."

Wakacheka, na Goma ukishamchekesha mtu amekubali. Wakapatana siku ya Jumanne.

Sasa sikiliza walichofanya, maana hakuna watu wengine duniani ambao wangekifanya. Jumanne asubuhi Papa Samy aliwaita wote pembeni, akiwa na dumu la maziwa. Kama ni mtihani, alisema, kadhafi wa Mapendo hawezi kushindwa mtihani. Wakanywa, wakasukutua, wakazungusha maziwa mashavuni kwa bidii, watu kumi na saba, wazee kwa vijana. Kahambu peke yake alikataa kikombe, akaenda kusimama upande wa pili. Charline alipofika alikuta midomo myeupe imefunguliwa kwa furaha. Hakuuliza kitu, akakwangua.

Baada ya siku nne akarudi, uso umemshuka.

"Ni nani aliwaambia munywe maziwa?"

"Docteur," Papa Samy akasema kwa upole, "tulitaka utukute safi."

"Niliona mafuta ya maziwa tu! Vioo vyote, tone tone, seli haionekane. Itabidi nianze upya." Akafungua daftari lake. "Moja tu njo ilisomeka. Ya mama Kahambu."

Shingo kumi na saba zikageuka. Kila mtu pale alijua kwa nini Kahambu hanywi maziwa. Papa Samy akajifanya anakagua bidoni yake.

Kahambu hakungoja kuitwa. Charline alimwambia majibu yatatolewa yote kwa pamoja, baada ya miezi, kwa utaratibu. Kesho yake saa mbili asubuhi Kahambu alikuwa mlangoni pa maabara, na kesho kutwa pia. Siku ya tatu Charline, ambaye ni mtoto wa watu na ana huruma, akamwambia aingie aangalie mwenyewe.

Akamsimamisha mbele ya hadubini, akamwonyesha pa kuweka jicho. Mwanzo Kahambu aliona kope zake tu. Halafu ikatokea: duara la rangi hafifu, na katikati yake doa jeusi. Pembeni ya doa hilo palikuwa na kidoa kingine, kidogo sana, kimejitenga.

"Ile kubwa njo kiini," Charline akasema. "Ndani yake kuko ADN, ile bengine banaita DNA, uzi murefu sana, unaonyesha mwili namna ya kujitengeneza. Unajua kushona, mama?"

"Mie Munande, kwetu bote banashonaga, utaniuliza kama najua kushona?"

"Basi. Uzi unakatikaga kila siku, mwili unafunga, unaendelea. Lakini mu esanse kuko kitu banaita benzène. Inaingia na pumzi, inaingia na kinywa, maini inaigeuza, inakata uzi mara mingi. Mwili unafunga haraka haraka, mara ingine unafunga vibaya, ao kipande kinabakia inje. Ile kadogo unaona pembeni njo kipande kilibakia inje."

"Ni ngapi ndani yangu?"

Charline akatazama daftari lake. "Kwa seli elfu moja, tisa. Kwa mama bauzaji ba mboga ba soko, nilipata moja, mbili."

Kahambu akatoa jicho kwenye chombo, akazunguka meza, akarudi. Kikulacho ki nguoni mwako, husema Waswahili, na nguo za Kahambu zilinuka esanse hata zikitoka kufuliwa.

"Ni kansere?"

"Hapana. Ni alama kwamba uzi unakatika. Seli za shavu zinabadilikaga haraka, ukiacha kuvuta na kinywa zinaweza kupona. Lakini kule ndani ya mafupa, mahali damu inatengenezwaga, uzi ukifungwa vibaya mahali pabaya, miaka kwa miaka, hapo njo kansere ya damu inaweza kuanza."

Neno *damu* ndilo hospitali walilomwambia Kahambu juu ya Kasereka. Akatoka bila kuaga. Alifika barabarani ndipo akakumbuka kwamba alikuwa ameacha mfuko wake ndani, na hakurudi kuuchukua.

Alirudi keshoye, na wiki mbili zilizofuata alirudi mara tano, na swali moja tu: Kasereka aliuawa na nini? Alileta karatasi za hospitali, zimepauka. Alileta picha ya marehemu, kana kwamba hadubini inasoma na picha. Kuna wakati alisema, "Sema tu ni karuho, docteur, niende." Siku nyingine akasema, "Sema ni esanse." Charline alimjibu kwa uvumilivu kwamba sayansi yake inahesabu watu wengi: ikichukua wavuta esanse mia na wauza mboga mia, inaweza kusema wapi kuna hatari zaidi. Kwa mtu mmoja, aliyekwisha kuzikwa, ambaye damu yake haikupimwa, haiwezi kuapa. Kahambu alichukia jibu hilo. Alilitembeza kutoka Mapendo mpaka Kituku, akasimama kati ya wauza samaki bila kununua kitu, akarudi nalo.

Mara ya tano Charline aliweka kalamu chini.

"Mama, nikuulize mie pia. Papa alianza kuchoka lini?"

"Mwezi wa nane, baada ya maziwa."

"Kuchoka tu. Ku kazi, ku ngazi. Madoa ku mikono. Uliona lini mara ya kwanza?"

Kahambu alifungua mdomo na jibu lake la miaka minne lilikuwa tayari. Halikutoka. Lilitoka jingine. Misa ya Pasaka. Kasereka alishindwa kusimama wakati wa Injili, akakaa, na yeye Kahambu akamfinya kwa aibu ya majirani. Usiku wa Pasaka hiyohiyo alimwona doa jeusi kwenye mkono na kumuuliza amejigonga wapi, naye akasema sijui. Na mwezi wa tano alikuwa anaacha bidoni njiani apumzike. Mwezi wa sita fizi.

"Ku Pasaka," akasema.

Kutoka Pasaka hadi mwezi wa nane ni muda ambao mtoto darasani angeuhesabu, na Kahambu, anayejua hesabu zote za lita na chupa, hakuwahi kuuhesabu. Hakutaka. Alikuwa ameyaona yote kwa macho yake na akayaficha nyuma ya kikombe kimoja, kwa sababu kikombe kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa yeye. Akaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Mpaka leo ukimkumbusha dakika ile atageuza uso.

Aliondoka maabara moja kwa moja kwenda Munigi, kwa miguu, ingawa barabara nzima ilikuwa imejaa motari wanaomjua kwa jina. Njia inapanda kuelekea mlimani. Njiani alitunga maneno, akayavunja, akatunga mengine. Mara mbili aligeuka kurudi na mara mbili miguu ikakataa.

Alimkuta Mukabalisa kando ya barabara, bidoni tatu mbele yake, mpira mdomoni. Amekonda, nywele zimeingia mvi. Akauchomoa mpira, akatema, akajaza chupa mpaka mwisho bila kumwaga tone. Ndipo akainua macho.

"Mama Igihozo," Kahambu akamwita, kwa jina la kifungua mimba wake, kama walivyoitana zamani.

"Kahambu," mwenzake akajibu. Hivyo tu, kavu.

Yale maneno ya njiani yote yakapotea. Kahambu akasema vilevile yalivyomjia, akihama mguu huu na ule: kwamba Kasereka alikuwa anagonjwa tangu Pasaka, kwamba haikuwa maziwa, kwamba docteur amemwonyesha uzi unavyokatika, kwamba aache kuvuta na kinywa hata yeye, kuko pompe ndogo ya mukono ya kuvutia esanse, Charline atamupatia. "Hukumuua. Nimekuja kukuambia hukumuua."

Mukabalisa alisikiliza huku anafunga chupa.

"Yewe, Kahambu. Umepanda hii mulima yote kuja kuniambia kitu mie najua? Kwamba sikumuua, mie nilijua tangu siku ile." Akaweka chupa chini. "Miaka ine mutoto wangu anapitia njia ingine kwenda ku masomo, kwa sababu banamuita mutoto wa karuho. Ile neno uliisemea wapi? Uliisemea hapa Munigi?"

"Hapana."

"Basi. Jumamosi niko Mapendo."

Jumamosi, saa nne asubuhi, wakati ambapo kona ya Mapendo inajaa kuliko siku zote, pikipiki ya Munigi ilisimama na Mukabalisa akashuka. Hakusalimu. Alikwenda upande wa pili wa barabara, mahali pake pa zamani ambapo sasa paliuziwa vocha za simu, akafunga mikono kifuani. Mazungumzo yakapungua. Papa Samy, aliyekuwa akivuta, akatema.

Kahambu akaingia katikati ya barabara. Gari moja likapiga honi na kumpita ubavuni. Sauti yake, ile iliyozoea kugombana na motari, ilitoka nyembamba.

"Mie Kahambu, nilisema hapa Mukabalisa aliua bwana yangu na maziwa. Nilisema uongo. Kasereka alikuwa anagonjwa tangu Pasaka, mie bibi yake niliona na macho yangu. Mukabalisa hana karuho. Hajawahi kuwa nayo."

Watu wakatazamana. Kijana mmoja kati ya wale waliopindua bidoni akainama kukaza kamba ya kiatu ambayo haikuwa imelegea.

"Sasa, mama," Papa Samy akauliza, naye aliuliza kwa haki, "kama haiko yeye, nani alimuua Kasereka?"

"Docteur anasema hawezi kuapa. Anasema esanse inakataga uzi ya damu, na kwa mutu mumoja hawezi kujua." Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, miguu yake ilitulia palepale ilipokuwa. "Lakini ule mupira, mie njo nilimutia mu kinywa. Hakuwa anajua. Mie njo nilimufundisha."

Injini mbili zikaunguruma bila kuondoka. Kahambu akageuka kumtazama Mukabalisa ng'ambo ya barabara. Mukabalisa hakuwa analia, wala hakuwa anatabasamu.

"Rudilia," akamwambia. "Bale ba nyuma habakusikia."

Kahambu akavuta pumzi, akarudilia.